Walioitwa Wasaidizi

Tarehe 13 Februari 1888, katika misheni ya Mpala, mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ilifungwa ndoa. Bwana harusi alikuwa Mfaransa, Kapteni Léopold Joubert, aliyebakiza siku tisa tu kutimiza miaka 46. Bibi harusi alikuwa binti wa Kiafrika, Agnes Atakao. Mapadre wa misheni ile walikuwa wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wa pande zetu wamezoea kuwaita Mapadre Weupe kwa sababu ya kanzu zao, na kila mmoja wao alikuwa amekubali kuishi bila mke. Joubert alikuja na misafara yao, alikula chakula chao, alisali nao alfajiri, na alikuwa radhi kufa kwa ajili ya kazi yao. Lakini hakuwa padre wala bruda. Alikuwa mlei. Siku ile aliweka nyumba ukingoni mwa ziwa, na nchi hiyo hakuiacha mpaka alipoaga dunia miaka 39 baadaye.

Katika maandishi ya shirika, watu kama Joubert waliitwa wasaidizi. Neno hilo nimelisoma mara nyingi na kila mara linanikwaza. Msaidizi ni mtu anayeshika upande mmoja wa mzigo wa mwenzake. Nikiitazama historia ya ukanda wa Tanganyika, naona mapadre wakifika, wakiugua, wakizikwa au kuhamishwa, na walei wakibaki na mzigo mzima mabegani. Kwa hiyo nataka kuisimulia habari hii nikianzia kwao.

Mwanzilishi wa Mapadre Weupe, Charles Lavigerie, alikuwa Askofu Mkuu wa Algiers. Alianzisha shirika la mapadre mwaka 1868 na la masista mwaka uliofuata, na mwaka 1882 akawa kardinali. Tangu mapema alikuwa na mawazo mawili yaliyowashangaza wenzake wa Ulaya. La kwanza, kwamba Afrika itageuzwa na Waafrika wenyewe, na mmisionari kutoka nje kazi yake ni kuwasha moto tu. La pili, kwamba utume hauwezi kubebwa na mapadre peke yao. Alitaka pawepo mtu wa kuilinda misheni, mtu wa kutibu wagonjwa, mtu wa kufundisha vijijini, na watu hao alikuwa tayari kuwatafuta miongoni mwa wenye ndoa na wenye watoto.

Walinzi aliwapata miongoni mwa Wazuavu wa Papa. Hawa walikuwa vijana wa kujitolea kutoka Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na kwingineko, waliokwenda kuzitetea nchi za Papa huko Italia. Joubert, mzaliwa wa Saint-Herblon magharibi mwa Ufaransa, alijiunga nao akiwa na miaka 18, na mwaka huohuo wa 1860 akajeruhiwa katika vita vya Castelfidardo. Roma ilipotekwa Septemba 1870, jeshi lile likavunjwa. Wazuavu wakarudi makwao wakiwa na upanga usio na kazi na imani isiyopungua. Lavigerie aliwaita.

Msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe kuja huku uliondoka Marseille Aprili 1878 ukapitia Zanzibar na Bagamoyo. Mmoja wao, Padre Pascal, alifariki njiani hata kabla ya Tabora. Huko Tabora waliobaki waligawanyika, wengine wakaelekea Buganda na wengine Ujiji, ambako walifika Januari 1879. Msafara wa pili, mwaka huohuo wa 1879, ndio uliokuja na Wazuavu. Njia ilikuwa ileile ya wapagazi, kila mmoja na mzigo wake kichwani au begani: majora ya merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, vyote vya kulipia hongo kwa watemi na chakula njiani. Nao hao askari wa Papa, waliozoea barabara za mawe za Roma, walianza kuanguka kwa homa mmoja baada ya mwingine.

Damu ya mlei ilichanganyika na ya mapadre mapema sana. Tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge katika Burundi ya leo, ugomvi ulizuka kwa sababu ya mtoto wa misheni. Waliouawa walikuwa watatu: Padre Deniaud, Padre Augier, na Mbelgiji mmoja, D'Hoop, aliyekuwa Mzuavu. Watu wa Burundi wanapowakumbuka mashahidi wa kwanza wa Kanisa lao, hesabu yao ni mapadre wawili na mlei mmoja, na mauti hayakuuliza nani ana daraja takatifu na nani hana.

Joubert alifika ziwani na msafara ulioondoka Ulaya mwishoni mwa 1880. Alitumikia kwanza kaskazini magharibi mwa ziwa, Masanze na Kibanga, akarudi Ufaransa mwaka 1885, kisha Lavigerie akamwomba aje tena. Safari hii alikuja kwa kazi kubwa zaidi. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alikuwa ameelekeza macho yake kwenye Mto Kongo, na vituo viwili ambavyo watu wake walijenga ziwani, Karema upande wa mashariki na Mpala upande wa magharibi, vilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Maboma yalikuwapo. Mlinzi hakuwapo. Joubert aliwasili Mpala Machi 1887, na kwa miaka kadhaa akawa ndiye serikali ya pwani ile, akiamua kesi, akifundisha vijana kushika bunduki, akiongoza vita.

Adui aliyehofiwa zaidi alikuwa Rumaliza, jina lake halisi Muhammad bin Khalfan al-Barwani, mzaliwa wa Lindi aliyetawala biashara ya watumwa kutoka Ujiji. Watu wake walivuka ziwa kwa mitumbwi, wakachoma vijiji vya Marungu, upande wa magharibi, na kuondoka na wanawake na watoto. Joubert alijenga makao yake Mrumbi, kusini mwa Mpala, akayaita Mtakatifu Ludoviko, na waliokimbia wakajenga vibanda vyao kumzunguka. Agnes alikuwa humo ndani. Vita hivyo vimeandikwa sana kwa upande wa bunduki, na kidogo mno kwa upande wa yule aliyekuwa akipika, akilea na kuwapokea wakimbizi mumewe akiwa vitani. Mume alikuwa mgeni wa lugha na desturi. Kijiji kizima kilichokusanyika nyuma ya ukuta ule kilijuana na nyumba ile kupitia kwa mama.

Nakiri kwamba bunduki ya Joubert inanipa shida. Lavigerie aliwahi kuwaza habari ya ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, wenye mtawala mlei Mkatoliki, na Mpala ilikuwa kama jaribio la wazo hilo. Aidha, vijiji vya misheni vilijaa watoto waliokombolewa utumwani kwa malipo. Mtoto aliyenunuliwa ili awe huru alikuwa huru kweli dhidi ya mnyororo, lakini hakuulizwa kama anataka kulelewa na wamisionari, na vitambaa vilivyomlipia viliingia mikononi mwa watu walewale waliomteka. Mapadre wenyewe waliona ugumu huo. Bado, mama wa Marungu aliyelala usiku bila kukimbilia msituni kwa sababu kulikuwa na ukuta na mtu wa kusimama mlangoni, sidhani angeniruhusu nimhukumu Joubert kwa haraka.

Msaada kutoka Ulaya ulifika miaka ya 1891 na 1892, msafara wa chama cha Wabelgiji cha kupinga utumwa ukiongozwa na Kapteni Jacques, aliyeanzisha kituo cha Albertville, Kalemie ya leo. Baada ya hapo nguvu za Rumaliza zilivunjwa, na Joubert akaiweka bunduki chini. Wengi wangerudi kwao wakapokee nishani. Yeye alibaki kijijini kwake akisimamia watu wake, akifundisha dini, akilea watoto aliowapata na Agnes. Malale yalipolipiga eneo la ziwa, mwaka 1910 ilibidi kuhama Mrumbi, na familia ikaenda Misembe, karibu na Moba. Wanawe wawili wakawa mapadre. Mwaka 1917 nchi hiyohiyo ya Marungu ilimtoa Stefano Kaoze, padre wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu. Joubert alikufa tarehe 27 Mei 1927, mzee wa miaka 85 aliyekuwa amepoteza nuru ya macho.

Sasa tuvuke ziwa, twende Karema.

Yapata mwaka 1866, huko Tundurma kwenye Mto Niger, karibu na Timbuktu, alizaliwa mtoto aitwaye Atiman. Akiwa bado mdogo alitekwa, akauzwa, akavushwa Jangwa la Sahara. Mwaka 1876 Mapadre Weupe walimkomboa huko Algeria, wakamlea, na alipobatizwa akaitwa Adrien. Lavigerie alikuwa na mpango kwa ajili ya vijana kama huyu. Mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, ambako vijana Waafrika waliokombolewa walisomeshwa uganga wa kizungu pamoja na katekisimu. Kardinali alisema wazi kwamba hakutaka kuwafanya Wazungu weusi. Alitaka wawe na ufundi wa kujipatia riziki, waoe, wakae na watu, na mlango ambao padre mgeni angebisha mwaka mzima bila kufunguliwa, wao waufungue kwa kutibu kidonda.

Malta haikufanikiwa kama alivyoota. Chuo kilifungwa katika miaka ya 1890, na baadhi ya waliosoma hapo hawakudumu katika kazi ya misheni. Ni rahisi kuwaelewa. Walikuwa wametolewa kwao kwa nguvu, wakasomeshwa kisiwani, wakapelekwa kutumikia nchi ambayo haikuwa yao hata kidogo. Kutoka Niger hadi Tanganyika ni mbali kama kutoka Tanganyika hadi Ulaya, na rangi ya ngozi haikufundishi Kibende wala Kifipa. Atiman naye alikuwa mgeni Karema alipowasili mwaka 1889. Akamwoa Agnes Wansabira, binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende. Agnes mwingine. Pande zote mbili za ziwa, mlei wa Lavigerie aliyedumu ni yule aliyefunguliwa mlango na mwanamke wa hapo.

Itazame hali aliyoikuta Atiman. Askofu Charbonnier alikuwa amefariki palepale Karema Machi 1888. Mrithi wake, Askofu Bridoux, alifariki Kibanga Oktoba 1890. Maaskofu wawili ndani ya miaka isiyotimia mitatu. Kisha akaja Askofu Lechaptois, aliyedumu hadi kifo chake mwaka 1917. Mapadre na mabruda walikuja na kwenda, wengine hata kabla hawajaijua vizuri lugha. Katika miaka hiyo sotoka ilimaliza ng'ombe wa nchi nyingi za Afrika Mashariki, funza waliingia kutoka magharibi wakala vidole vya watu, na ndui na malale vikapita vijijini. Watu walipouliza mganga wa misheni yuko wapi, jibu mwaka 1890 lilikuwa Atiman. Mwaka 1910, Atiman. Mwaka 1940, bado Atiman.

Kazi yake ilikuwa na pande mbili ambazo mkono mmoja ulizishika. Lavigerie aliweka sharti kwamba mtu asibatizwe mpaka apite miaka minne ya mafundisho. Wakati ule sharti hilo lilionekana kali, na lilimaanisha kwamba watu wengi walikufa katikati ya safari. Lakini Kanisa linaruhusu mtu yeyote, hata mlei, kumbatiza aliye katika hatari ya kufa. Ni nani anayekuwapo saa hiyo? Padre yuko safarini, au amelala na homa yake. Aliyepo ni tabibu. Dawa imeshindwa, pumzi inakatika, ndugu wamekaa kimya ukutani. Anamwinamia mgonjwa, anamuuliza kwa lugha yake kama anataka, anachukua maji kidogo katika kibuyu, anatamka maneno machache. Kisha anafunga mkoba wake na kwenda nyumba ya pili, ambako pengine homa imeshuka na kazi iliyobaki ni kusafisha kidonda. Kwa namna hiyo kizazi baada ya kizazi cha Karema kilipita mikononi mwa mtu asiyewahi kuvaa kanzu ya upadre.

Wala hakuidharau mitishamba. Dawa za Ulaya zilichelewa, zikaharibika njiani, zikaisha, na Atiman alijifunza mizizi na majani ya nchi yake mpya kutoka kwa wenye kujua. Hapo ndipo nauona utimilifu wa lile wazo la Lavigerie kuliko hata alivyoliwaza yeye: mtoto wa Niger, mwanafunzi wa Malta, akikaa chini ya mti kumuuliza mzee Mbende jani hili linachemshwa muda gani.

Nimetaja Buganda mwanzoni, nayo haiwezi kuachwa, ingawa habari zake zinajulikana zaidi. Novemba 1882 Mapadre Weupe waliondoka huko kwa kuhofia usalama, wakakaa kusini mwa Ziwa Victoria hadi Julai 1885. Miaka karibu mitatu bila padre, bila Misa. Waliobatizwa walikuwa wachache na wachanga katika imani. Jumba la Kabaka, mfalme wa nchi ile, lilibaki na Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa alifundisha nyumbani kwake, Matia Kalemba Mulumba akaipeleka dini Ssingo. Mapadre waliporudi walikuta wakatekumeni wengi kuliko waliowaacha. Miezi minne baadaye, tarehe 15 Novemba 1885, Mukasa aliuawa, na mwaka uliofuata wengine wakafuata, wengi wao Namugongo. Wakatoliki 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 1964 walikuwa walei wote. Hakuna hata padre mmoja kati yao, wala mtawa.

Mimi mwenyewe niliifahamu sura ya jambo hili kabla sijayasoma hayo yote. Kigango chetu kilikuwa na katekista, mkulima wa mahindi na baba wa watoto saba. Jumapili asubuhi aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mwembe, mara ya kwanza kutuamsha na mara ya pili kutuita. Padre alifika kila baada ya miezi miwili kama mvua haikukata barabara. Katekista alikuwa na daftari, lile la kurasa 96, jalada lake limefungwa kwa uzi. Humo alikuwa ameandika watoto wanaosubiri ubatizo, ndoa za kubarikiwa, wagonjwa wa kupakwa mafuta, na waliokufa tangu padre aondoke, kila mmoja na tarehe aliyomzika. Padre alipofika alikaa kwenye kiti, akafungua daftari, akaanza kazi kwa kufuata mistari ile. Nilipokuwa mtoto nilidhani katekista anamwandikia padre taarifa. Leo naona kwamba padre ndiye aliyekuwa akija kukamilisha kazi ya katekista.

Kanisa zima lilichukua muda kulisema hilo kwa maandishi. Mwezi Mei 2021 Papa Fransisko alitoa barua ya kuanzisha rasmi huduma ya katekista kama huduma ya kudumu ya mlei. Vigango vyetu vilikuwa vikiendeshwa hivyo kwa zaidi ya karne.

Atiman aliishi muda mrefu kuliko karibu wote. Alifika Wajerumani wakiwa ndiyo kwanza wanaidai nchi, akaona Vita vya Kwanza vya Dunia vikilikumba ziwa, akaona bendera ya Waingereza ikipanda. Mwanawe wa pekee, Yosefu, alipata upadre mwaka 1923, na baba aliyewapa wengi maji ya ubatizo saa ya mwisho akapiga magoti kupokea baraka kwa mikono ya mtoto wake. Joubert alipokufa ng'ambo mwaka 1927, Atiman alikuwa amebakiwa na miaka karibu thelathini ya kazi.

Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa habari za maisha yake kama alivyozisimulia yeye mwenyewe: Tundurma, kutekwa, jangwa, Malta, Karema. Majarida ya namna ile yalijaa maandishi ya maofisa wa serikali kuhusu wenyeji. Humo sasa mtoto aliyewahi kuuzwa kama mzigo wa chumvi alikuwa akijieleza kwa nafsi ya kwanza. Alifariki Karema Aprili 1956, akiwa na miaka ipatayo 90, katika mwaka wa 67 wa kazi aliyoianza mahali hapohapo.